Hodi kwa Korongo

Korongo anapowinda huoni akifanya kitu. Amesimama majini, shingo ameikunja, jicho liko chini, na anaweza kukaa hivyo hadi wewe unayemwangalia uanze kuhisi miguu inakufa ganzi. Halafu shingo inafyatuka, mdomo unaingia majini na kutoka na samaki, na yote yamekwisha kabla hujapepesa jicho vizuri. Kama ulikuwa na kamera mkononi, umeshakosa. Ndiyo maana picha nyingi za korongo zinazozunguka mitandaoni hazimwonyeshi akiwinda. Zinamwonyesha akiruka: mabawa wazi, matone yanadondoka miguuni, jua la jioni nyuma yake. Picha hiyo inapendwa, inasambazwa, inanunuliwa.

Sasa hebu jiulize: kwa nini aliruka? Maji yalikuwa bado yako chini, samaki walikuwa bado wapo, na yeye alikuwa bado ana njaa. Mara nyingi jibu ni moja. Kuna mtu alimsogelea.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Najua kwa wengine litasikika kama swali la mtu aliyeshiba. Kwale ina maswali mazito zaidi: ardhi, maji, kazi, karo. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sasa nakula kwa kuandika na kupiga picha, nikilipwa kwa kipande. Tovuti moja ya utalii iliwahi kunirudishia picha zangu zote za ndege waliosimama na ujumbe mfupi: ndege aliyesimama hauziki. Kwa hiyo swali hili lina kodi ya nyumba ndani yake. Nauliza hivi: kumwangalia kiumbe tu, bila kumpiga, bila kumla, bila hata kumgusa, kunaweza kuwa dhuluma? Na kama kunaweza, mpaka uko wapi?

Tuanze na korongo mwenyewe. Ukijadili haki ya mtu ambaye hujui kazi yake, utabaki kuhubiri.

Panda matatu Likoni uelekee kusini, pita Ukunda, ushuke Gazi kabla ya kufika Msambweni. Hapo kuna ghuba ambayo maji yakipwa inageuka uwanja wa matope na nyasi za baharini, mikoko imeizunguka. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo sana. Maji yanapwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Korongo anaishi kwa saa hiyo. Maji yakiwa mengi, miguu haifiki chini. Yakikauka kabisa, samaki wameshaondoka nayo. Anapata riziki yake katika ule muda wa kati, na muda huo haumsubiri mtu.

Yaani ni kibarua. Anaenda kazini maji yanapomwita, hata kama ni alfajiri, hata kama ni mchana wa jua kali.

Na kazi yenyewe ina hesabu. Chomeka fimbo kwenye maji, utaiona kama imevunjika, kwa sababu mwanga unapinda ukitoka majini kuingia hewani. Maana yake ni kwamba samaki hayuko pale anapoonekana. Mtafiti wa Israel, Gadi Katzir, aliwachunguza korongo wa miambani miaka ya 1980 akaonyesha kwamba ndege hawa wanarekebisha upotofu huo: wanalenga pale samaki alipo, si pale macho yanaposema yupo. Hesabu ambayo mimi nilifundishwa kwenye fizikia na kuisahau, korongo anaifanya kila siku na njaa ndiyo mtihani.

Kila mmoja ana mbinu zake. Korongo mweusi, ambaye pia anaonekana kwenye pwani yetu, anafungua mabawa yote mawili na kuyakutanisha mbele kama mwavuli, kichwa ndani, anavua ndani ya kivuli alichokitengeneza mwenyewe. Bila shaka umeiona ile klipu ya kuchekesha ambapo kila akifungua mwavuli sauti inatangaza kuwa usiku umeingia, akiufunga inatangaza mchana. Kivuli hicho, kwa maelezo ya wataalamu, huenda kinawavuta samaki wanaotafuta mahali pa kujificha, au kinaondoa mng'ao wa jua ili aone vizuri. Kule Shimoni na Wasini kuna yangeyange ambao wengine ni weupe pepe na wengine weusi tititi, na wote ni aina moja. Na yule korongo mdogo wa mgongo wa kijani-kijivu, anayechuchumaa kwenye mizizi ya mikoko kama mzee anayesubiri kahawa, jamaa zake wa aina hiyohiyo kule Kumamoto, Japani, walionekana wakiweka wadudu na vipande vya vitu juu ya maji ili kuwavuta samaki. Hiroyoshi Higuchi aliliandika jambo hilo mwaka 1986. Ndege anavua kwa chambo.

Nayataja haya kwa sababu tuna tabia ya kumgeuza korongo kuwa somo. Tunaweka picha yake na kuandika chini: subira yavuta heri. Lakini korongo hana subira kwa maana yetu. Hajaamua kutulia ili aonekane mwenye hekima. Anafanya kazi. Ule utulivu wake ndio jembe lake, na mtu anayeuvunja ili apate picha amemnyang'anya mkulima jembe katikati ya shamba.

Sasa tuje kwenye adabu.

Nyumba ya Mswahili haiingiwi bila hodi. Unapiga hodi mara tatu, na ukikosa jibu unaondoka bila kinyongo. Watoto wa mjini siku hizi tunapiga simu tukiwa mlangoni, lakini maana ni ileile. Na hodi haina uhusiano na kufuli. Mlango unaweza kuwa wazi kabisa, pazia tu linapepea, unawaona hadi waliokaa ndani, na bado unasimama nje na kuita. Kwa sababu kuweza kuona ndani hakujakupa ruhusa ya kuingia.

Na si nyumba tu. Nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo hapo kusini mwa Diani, mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Huingii peke yako, unaingizwa na mwenyeji. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Unachokikuta unakiacha. Mgeni aliyetoka mbali na kamera ya bei ya gari anavaa kaniki kama mwingine yeyote. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba sheria hizo zimemharibia matembezi. Wengi wanatoka wakisema ndizo zilizoyafanya yawe na maana. Kwa hiyo wazo kwamba kuangalia kuna masharti yake halikuja na watu wa mazingira kutoka nje. Lilikuwa hapa kabla ya kamera.

Korongo hana mlango, lakini ana jibu. Ukimkaribia polepole, kuna umbali ambao anaendelea na kazi kama vile hupo. Hiyo ni karibu. Ukizidi hapo, shingo iliyokunjwa inanyooka, kichwa kinapanda juu, jicho linaacha maji na kukutazama wewe. Yule mdogo wa kwenye mikoko anasimamisha manyoya ya kichwani na kutikisa mkia. Hapo ameshaacha kuwinda. Bado hajaruka, bado anafaa kwa picha, lakini jibu limeshatoka. Ukipiga hatua nyingine baada ya hapo, umeisikia "hapana" na umeingia.

Hayo ni rahisi kuyasema. Ugumu unaanza unapokutana na mtu ambaye hatua hiyo ndiyo mshahara wake.

Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, karibu na Msikiti wa Kongo, nilikaa jioni moja na kijana anayetembeza wageni ufukweni. Mfukoni alikuwa na kokoto. Wageni wake wakitaka picha ya ndege anayeruka, anarusha kokoto moja majini, mbali kidogo na ndege. Hamlengi, na alitaka nilijue hilo. Nilimuuliza kama haoni vibaya. Hakukasirika.

"Dada, ndege atarudi," aliniambia. "Mgeni harudi."

Nikamuuliza, je, akikaa tu na wageni wake wakasubiri?

"Watasubiri dakika tano. Ya sita wanaangalia saa. Ya kumi wananiuliza kama kuna nyani."

Nimeyafikiria maneno yake kwa muda mrefu, kwa sababu ni hoja, tena hoja nzuri. Msimu wa wageni una miezi yake, na miezi mingine ufukwe ni wa mchanga na mbwa. Mtu mwenye watoto wawili akiniambia kwamba kokoto moja majini ni sima ya kesho, siwezi kumjibu kwa kumtajia fizikia ya macho ya korongo. Tumpe haki yake na tuzichukue hoja za upande wake moja baada ya nyingine.

Ya kwanza: madhara ni madogo. Kokoto moja, ndege anaruka, anatua mita mia mbele, anaendelea. Ni kweli kwa kokoto moja. Lakini korongo hapimi siku yake kwa kokoto zako, anaipima kwa maji. Tuseme ana saa tatu za kula kabla maji hayajapanda. Akiondolewa mara moja, anapoteza muda wa kuruka, muda wa kutafuta pahali pengine, na muda wa samaki kutulia tena miguuni pake. Anayefuata ufukweni hajui kwamba wewe ulishapita, na yeye pia ana kokoto moja tu. Kila mmoja wetu ni mara moja. Ndege ndiye anayejumlisha. Na kuna wengine ambao hesabu yao ni kali zaidi: korongo wa Madagaska, aliye kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, anazaliana kule visiwani kisha anavuka bahari kuja Afrika Mashariki kuanzia kama Mei hadi Oktoba. Ndege aliyevuka mkondo wa Msumbiji kwa mabawa yake hahitaji kufanyishwa mazoezi.

Ya pili: mbona wavuvi nao wanamsumbua? Kina mama wanachokoa pweza kwenye miamba kila bamvua, ngalawa zinapita, watoto wanapiga mbizi. Kwa nini mwenye kamera tu ndiye abebeshwe lawama? Hoja hii nimeipima kwa kukaa na kuangalia. Mama anayechokoa pweza ana njia yake na mwendo wake, macho yako kwenye mashimo ya mwamba. Korongo anampisha hatua chache na kuendelea. Wote wawili wanatafuta chakula kwenye maji yaleyale, na kila mmoja anajua mwenzake anaenda wapi. Mwenye kamera ana njia moja tu, nayo inaishia kwa ndege. Jirani anayekatiza uani kwako akienda kisimani si sawa na jirani aliyesimama dirishani kwako. Huenda wa kwanza akapiga kelele zaidi. Bado wa pili ndiye utakayemfungia pazia.

Ya tatu ndiyo nzito: picha zinawasaidia ndege. Hii nayo ni kweli, na ina historia.

Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake matajiri wa Ulaya na Marekani walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya yangeyange, yale marefu laini yanayoota mgongoni wakati wa kuzaliana. Kwa uzani, manyoya hayo yalifika kuuzwa ghali kuliko dhahabu. Kwa kuwa yanaota wakati wa viota, wawindaji waliwaua wazazi viotani. Mwaka 1889, Emily Williamson alianzisha chama huko Manchester, Uingereza, cha wanawake waliokataa kuvaa manyoya ya ndege, chama ambacho leo ndicho jumuiya kubwa ya kulinda ndege nchini humo. Walibishana miaka na miaka. Mwaka 1906, Mwaustralia Arthur Mattingley alikwenda kwenye makazi ya yangeyange huko New South Wales akakuta wazazi wameuawa, wamenyofolewa manyoya, na makinda wakifa njaa viotani. Akapiga picha. Picha hizo zilifika London, na mwaka 1911 wanaume walitembezwa mitaani wakiwa wamezibeba kwenye mabango ili kila mpita njia ajue kofia imetoka wapi. Mwaka 1921, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia kuingizwa kwa manyoya hayo.

Kwa hiyo yangeyange anadaiwa kidogo na kamera, na mimi nikiwa na siku mbaya najiliwaza kwa hadithi hiyo. Lakini angalia ni picha ipi iliyofanya kazi. Ilikuwa ile iliyoonyesha bei: manyoya haya yamelipiwa na hawa makinda. Picha ya korongo aliyerushwa kwa kokoto inafanya kinyume chake. Inaificha bei. Inakuonyesha uhuru, mabawa wazi, anga ya dhahabu, na kilichotokea ni kwamba mtu amefukuzwa kazini. Huwezi kuitetea kwa jina la Mattingley. Iko upande wa kofia.

Hadi hapa ningeweza kuhitimisha kwamba mwangaliaji mwema ni yule asiyegusa kitu. Kaa mbali, piga picha, ondoka. Lakini hapo napo pana shimo.

Miaka ya 1980 huko Texas, Douglas Mock alikaa akiangalia viota vya yangeyange wakubwa, aina ambayo hata kwetu ipo. Mama anaanza kulalia yai la kwanza kabla ya kutaga la mwisho, kwa hiyo makinda wanaanguliwa kwa kupishana siku, na wa kwanza anakuwa mkubwa kuliko wa mwisho. Wakubwa wanamdona mdogo kichwani, siku baada ya siku, mara nyingi hadi anakufa. Mzazi amesimama pembeni na haingilii. Chakula kikitosha huenda mdogo akapona. Kisipotosha, basi. Tuseme wewe ndiye uliyekaa hapo na lensi ndefu, unaona kila kitu. Utapanda mti?

Mimi sitapanda, na nataka sababu yangu iwe bora kuliko "ni maumbile." Nikipanda, wazazi wote kwenye mti huo wataruka, na wa miti ya jirani. Viota vitabaki wazi, na pwani hii kuna kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea hadi kila jalala la Ukunda, wanaojua vizuri kiota kisicho na mwenyewe. Wamezidi kiasi kwamba mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Nitamwokoa mmoja na kuwalisha kunguru kumi. Lakini hata bila kunguru, ninayepanda kumwokoa kinda na anayerusha kokoto tuna kitu kimoja: wote tunadhani kiota hakijakamilika hadi tufike sisi.

Halafu nakumbuka picha nyingine. Machi 1993, gazeti la New York Times lilichapisha picha aliyopiga Kevin Carter huko Ayod, kusini mwa Sudan: mtoto aliyekondeana ameinama chini, na tumbusi ametua nyuma yake. Dunia nzima ikauliza swali moja: ulimsaidia? Carter alieleza kwamba alimfukuza ndege. Mwaka uliofuata picha ikapata tuzo ya Pulitzer, na Julai mwaka huohuo Carter alijiua. Sina nia ya kumhukumu mtu aliyekwisha kufa kwa jambo zito kuliko mimi. Nalitaja kwa sababu swali lile lilikuwa la haki, na mtu anayeuliza swali lilelile kuhusu kinda la yangeyange anaulizia kitu kingine.

Tofauti naiona kwenye hodi. Unapiga hodi kwa sababu hujui ndani kuna nini. Jibu linaweza kuwa kimya, na unaondoka. Linaweza kuwa karibu, na unaingia. Na linaweza kuwa yowe, na hapo hakuna adabu ya kusimama nje, unavunja mlango. Mtoto mwenye njaa ni yowe, kwa binadamu yeyote aliyepo, awe na kamera au asiwe nayo. Kinda linalodonwa na ndugu zake liko ndani ya nyumba ambayo si yetu, kwenye ugomvi ambao hatukuuanzisha na hatutaumaliza. Lakini yangeyange aliyenaswa mguu kwenye uzi wa nailoni, akipigapiga mabawa kwenye matope ya Gazi, huyo ni wetu. Uzi ni wa kwetu. Tulishaingia nyumbani kwake bila hodi zamani, na kumkata uzi ni kutoka tu. Sheria yangu ni hiyo, na sidhani inahitaji chuo: palipo na mkono wetu, tuuondoe. Pasipo na mkono wetu, tusiuingize.

Kokoto ni mkono.

Bado nadaiwa jibu na yule kijana. Ndege atarudi, mgeni harudi. Nikimwambia aache kokoto bila kumwambia atakula nini, nimehamisha bei kutoka kwa korongo hadi kwake, na hilo nalo ni dhuluma.

Jibu nililo nalo limetoka pale pale Gazi. Mwaka 2013, watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni ambayo miti hiyo inaihifadhi inauzwa kwenye soko la dunia, pesa inarudi kijijini kwa mambo kama maji na shule. Fikiria maana yake. Vizazi na vizazi mkoko ulilipa ulipokatwa: boriti, kuni, mkaa. Sasa kuna watu wanaolipwa kwa sababu haukukatwa. Mtu angesema miaka 50 iliyopita kwamba mti uliosimama utajenga darasa, wazee wangemcheka.

Kama mti uliosimama unaweza kulipa, ndege aliyesimama pia anaweza. Yule kijana ana kitu ambacho mgeni hawezi kukinunua dukani wala kukipata kwenye simu. Anajua maji ya leo yatapwa saa ngapi. Anajua korongo yupi anakuja kwenye kijito kipi maji yakifika wapi. Anajua mahali pa kukaa, jua likiwa mgongoni, dakika thelathini kabla ndege hajafika, ili ndege ndiye amsogelee mtu. Hayo ni maarifa, na anayauza bei ya kokoto. Saa moja ya kukaa kimya na mtu anayekueleza unachokiona ni bidhaa. Kaya Kinondo wanauza matembezi yenye masharti na watu wanalipa. Sisemi ni rahisi, na sisemi kila mgeni atakubali. Wa dakika tano watakuwapo daima. Nasema tu kwamba yule anayeangalia saa dakika ya sita hajaambiwa na mtu kwamba kuna kitu kinatokea.

Na hapa lawama inatoka ufukweni, inakuja kwetu sisi tulio na simu. Kijana anarusha kwa sababu mgeni anataka. Mgeni anataka kwa sababu sisi tutaipenda. Kokoto ile inaanza safari yake kwenye vidole vyetu, kitandani, saa tano usiku, tunapobonyeza moyo na kupita.

Kwa hiyo nikupe kitu cha kutumia. Korongo akiwa safarini anaikunja shingo, kichwa kinarudi kati ya mabega, miguu imenyooka nyuma kama usukani. Huyo anakwenda anakotaka. Ukiona picha ambayo shingo bado imenyooka mbele, miguu inaning'inia, maji bado yanadondoka, na ndege ameupa mpiga picha mgongo, mara nyingi huyo ameondoka ghafla. Ukishajua kuitofautisha, huwezi tena kutojua. Itafute kwenye simu yako leo, utashangaa ni ngapi.

Kisha tafuta ile ya korongo aliyesimama, yenye mtu mmoja au wawili walioipenda. Kuna mtu alikaa kwenye matope hadi maji yakapanda, na alipoondoka, ndege alikuwa bado anakula.